Tuta la Handali

Baba aliuliza swali moja tu, akinawa mikono,
maji yakidondokea miche ya zabibu:
"Huko chuoni mnakochimba kwa brashi ya kupakia rangi,
Yeriko mmeikuta?"

Nikamwambia kuta zimekutwa, baba.
Zilianguka, naam, na zaidi ya mara moja,
ila wanaohesabu matabaka ya udongo
hawapatani na wanaohesabu miaka ya Yoshua.
"Kumbe zilianguka," akasema,
akaingia ndani kama mtu aliyeshinda kesi.

Julai ile tulichimba tuta la Handali,
nyuma ya ua wa minyaa usiozunguka kitu tena.
Hapo, alisema Bibi Masinda, naye aliambiwa na mamaye,
palikuwa na tembe la Mulewa, babu wa ukoo,
vyumba tisa, zizi katikati.
Askari walilichoma mwaka wa Mtunya
walipokuja kubeba uwele na ng'ombe,
moshi ukaonekana hadi Mvumi.
Hadithi hiyo niliilishwa kabla ya ugali.

Nikapima mraba wangu kwa kamba na misumari.
Sentimita kumi. Ishirini. Mwiko wa mwashi, polepole.
Jiwe la kusagia, nusu.
Shanga ya buluu, moja.
Mashimo ya nguzo yamejipanga palepale aliposema;
nikahesabu vyumba: sita.
Na majivu?
Ya jiko moja, kiasi cha kujaza kofia.
Dari ya udongo ilikuwa imelala juu ya sakafu
taratibu, utando juu ya utando,
kama inavyolala dari isiyo na mtu wa kuikandika
masika ya kwanza, masika ya pili.
Ni mvua iliyolibomoa. Si moto.

Usiku huo sikula.
Nilikuwa na ukweli, mzito kama tofali bichi,
na sikuona pa kuutua.

Maana najua pia haya:
lilipatikana jiwe kaskazini ya Galilaya, vipande vipande,
lililochongwa na adui akijisifu,
na wengi wanasoma humo: nyumba ya Daudi.
Liko handaki chini ya Yerusalemu;
wachimbaji walianza pande mbili, gizani,
wakasikiana sauti kupitia mwamba, wakakutana,
na maji yanapita humo hadi leo.
Na iko Sinai, ambayo haijatoa hata kigae
cha umati ule uliosemwa umeivuka.
Ingawa waulize wafugaji wetu
waliohama na mifugo kufuata majani ya Bahi:
waliacha nini njiani?
Samadi, ikapeperuka.

Nilimkuta Bibi akichambua mlenda.
Bibi, nikasema, tembe halikuchomwa.
Hakuinua macho.
"Mama alitoka pale na mimba ya kaka yangu.
Kabla ya kufika Kilimatinde alizika wawili.
Unataka moto gani mwingine?"

Ripoti nimeiandika. Vyumba sita, jiko moja,
hakuna dalili ya kuungua. Nimetia sahihi.
Majivu ambayo udongo haukunipa sitayaongeza,
si kwa ajili ya Bibi,
si kwa ajili ya Yoshua.
Lakini pale kwenye fomu palipoandikwa Maelezo Mengine
nimejaza hadi ukingoni, kwa herufi ndogo:
watu hawa waliondoka kwa haraka.
Shanga ilianguka, hakuna aliyerudi kuiokota.

Jumapili Baba alisoma habari ya mgonjwa wa kupooza,
jinsi wale wanne walivyotoboa dari wakamshusha na godoro lake.
Mtoto mmoja wa benchi la mbele akauliza kwa sauti,
"Walitoboaje bati?"
Watu wakacheka. Baba akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani,
akanitazama kule nyuma kwa muda kidogo.
"Mwulizeni binti yangu," akasema.
"Yeye dari ya udongo ameishika."

Nikasimama.
Chini ya kucha zangu bado palikuwa na Handali.